Carey Francis: Mwalimu Aliyefundisha Uwanjani

Katika historia ya elimu nchini Kenya, jina la Edward Carey Francis hutajwa aghalabu pamoja na hisabati, nidhamu na mitihani. Waliopita mikononi mwake humkumbuka kwa kaptura zake, kwa ukali wake, na kwa orodha ndefu ya mawaziri na makatibu wa wizara waliotokea madarasani mwake. Ni nadra maisha yake kusimuliwa kutoka upande wa uwanja wa michezo. Hata hivyo, kwa yeye mwenyewe uwanja haukuwa mahali pa kupumzishia akili baada ya masomo. Ulikuwa darasa la pili, na pengine katika mizani yake ndilo lililokuwa la kwanza. Hivyo, anayetaka kumwelewa mtu huyu, na kuelewa ni kwa nini wanafunzi wake wamebishana juu yake tangu alipokuwa hai hadi leo, hana budi kumfuata hadi kwenye nyasi.

Alizaliwa Hampstead, London, tarehe 13 Septemba 1897. Alisoma katika shule ya William Ellis jijini humo. Jambo hili linafaa kuzingatiwa, kwa maana imani kwamba michezo hujenga tabia ya kijana ilikuwa imeota mizizi zaidi katika shule za bweni za matajiri wa Uingereza, na Francis hakulelewa katika mojawapo ya shule hizo. Aliipokea imani ile kama mtu wa pembeni, na kama ilivyo desturi ya waongofu, akaishika kwa nguvu kuliko wenyewe. Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta akiwa kijana. Alihudumu kama afisa wa mizinga nchini Ufaransa, na jina lake likatajwa katika ripoti za jeshi kwa utendaji bora. Vita vilipokwisha aliingia chuo cha Trinity, Cambridge, akafaulu katika daraja la juu kabisa la hisabati, kisha akateuliwa kuwa mwanachuoni wa Peterhouse na mhadhiri wa chuo kikuu.

Mtu wa namna hiyo alikuwa na maisha yaliyokwisha kupangwa. Angeliweza kuzeeka Cambridge akiandika makala za hisabati na kula chakula cha jioni katika kumbi za mawe. Mwaka 1928 aliyaacha yote, akajiunga na Chama cha Wamisionari wa Kanisa la Uingereza, yaani CMS, akaja Kenya kuwa mwalimu mkuu wa Maseno. Hakuoa, na hakurudi Uingereza kuishi tena.

Maseno, iliyo kwenye mstari wa ikweta upande wa Nyanza, ilikuwa imeanzishwa na wamisionari mwaka 1906. Kwa miaka mingi iliegemea kazi za mikono: useremala, ujenzi, uchapishaji. Hayo ndiyo mafunzo ambayo serikali ya kikoloni na walowezi waliona yanamfaa Mwafrika. Francis alikuja na msimamo tofauti. Aliamini kwamba mtoto wa Kijaluo au wa Kiluhya anaweza kufanya hesabu ngumu sawasawa na mtoto wa Cambridge, mradi apewe mwalimu na kazi ya kutosha. Leo kauli hiyo haimshangazi yeyote. Mwaka 1928 ilikuwa kauli ya ubishi.

Imani hiyohiyo aliipeleka kwenye kandanda. Mpira wa miguu ulikuwa umefika Nyanza kabla yake, ukachezwa na watoto wa misheni, askari na makarani wa reli, na tangu mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikuwa zikishindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni. Kwa hiyo Francis hakuwafundisha watu wa Nyanza kuupenda mpira. Mapenzi hayo aliyakuta. Alichokileta ni utaratibu. Wachezaji wake, wengi wao wakicheza pekupeku, walitakiwa kupanga safu, kupeana pasi, na kuacha kila mtu kuufuata mpira kama nyuki wanaofuata malkia wao. Walitakiwa pia kunyamaza. Uamuzi wa refa haukubishaniwa hata ulipokuwa dhahiri kwamba refa amekosea, na aliyemkwatua mwenzake kwa makusudi alionekana mbele ya mwalimu wake kuwa mkosaji kuliko aliyeshindwa mtihani.

Katika sheria hizo ndogondogo imo falsafa nzima ya mtu huyu, pamoja na udhaifu wake. Alitaka kijana ajifunze kushindwa bila kulia na kushinda bila kujigamba. Alitaka aliye hodari amsaidie asiye hodari. Hayo ni mema. Lakini kumfundisha mtoto wa nchi iliyotawaliwa kwamba uamuzi wa mwenye kipenga haupingwi, hata unapokuwa wa dhuluma, si jambo jepesi. Nje ya uwanja, mwenye kipenga alikuwa gavana. Francis hakuliona hilo, au aliliona akaamini kwamba utii na haki vitakutana siku moja bila kusukumwa. Wanafunzi wake waliliona mapema zaidi. Oginga Odinga, aliyesoma Maseno enzi za Francis na baadaye akafundisha huko, ni mfano ulio wazi: alichukua kutoka kwa shule ile bidii na ushupavu, akauacha utii mlangoni alipokuwa akitoka.

Mwaka 1940 Francis alihamishiwa Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu. Shule hii ilikuwa imefunguliwa mwaka 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, ikiwa ya kwanza kutoa elimu ya sekondari kwa Waafrika wa Kenya. Alimrithi G. A. Grieve, mwalimu mkuu wa kwanza, na akakaa hapo kwa miaka 22. Wanafunzi walikuja kutoka kila pembe ya koloni, kutoka Pwani hadi Nyanza, na wengi hawakuwa na lugha ya nyumbani inayofanana. Mabweni yaliwachanganya, na michezo ikawachanganya zaidi. Mtoto wa Giriama alipompa pasi mtoto wa Nandi, hakuna aliyehitaji mkalimani. Francis alifahamu thamani ya mchanganyiko huo, na ndiyo sababu michezo Alliance haikuwa ya hiari. Kandanda, riadha, mbio za nyika, mpira wa magongo: kila mvulana alishiriki, mwenye kipaji na asiye nacho. Shindano la bweni dhidi ya bweni lilichukuliwa kwa uzito uleule wa mechi dhidi ya shule nyingine.

Kwa upande wa usimamizi wa michezo, hizo ndizo zilizokuwa nyakati za mabadiliko makubwa. Tangu miaka ya 1920 riadha ya Waafrika ilikuwa ikiendeshwa na chama kilichowahusu Waarabu na Waafrika, huku Wazungu wakiwa na vyama na viwanja vyao. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ilimteua Archie Evans kuwa afisa wa michezo wa koloni, na mwaka 1951 kikaundwa Chama cha Riadha cha Kenya chini ya uenyekiti wa Derek Erskine, mfanyabiashara wa Nairobi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1954, Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikimbia White City, London, mbele ya umati wa Waingereza ambao hawakuwa wametarajia kumwona Mwafrika wa Kenya akiongoza mbio ndefu, tena bila viatu. Maiyoro aliendelea hadi Vancouver mwaka huohuo, akashika nafasi ya nne katika mbio za maili tatu.

Francis hakuwa sehemu ya ngazi hiyo ya juu. Kazi yake ilikuwa chini yake, katika kupanga ratiba, kusawazisha viwanja na kupata wapinzani wa kucheza nao. Neno wapinzani hapa ndilo zito, kwa kuwa miaka ya 1950 lilikuja kubeba maana ambayo shule hazikuikusudia.

Ramani ya magharibi mwa Nairobi inaweza kumsaidia msomaji. Gatina ni mtaa ulioshikana na Kawangware, na wakazi wake leo ni mchanganyiko wa watu wa kila kabila. Ukienda magharibi kutoka hapo utafika Kikuyu, ilipo Alliance. Kaskazini, ng'ambo ya Barabara ya Waiyaki, ipo Shule ya Nairobi, ambayo enzi za ukoloni iliitwa Prince of Wales na kuwapokea wavulana wa Kizungu peke yao. Kusini, upande wa Barabara ya Ngong, ipo Lenana, iliyokuwa Duke of York, nayo ya Wazungu vilevile. Ardhi iliyo katikati ya shule hizi tatu ilikuwa sehemu ya Dagoretti, eneo la Wakikuyu lililotawaliwa kutoka Kiambu na kuingizwa katika mipaka ya jiji la Nairobi wakati wa uhuru tu. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wakazi wa eneo hilo, kama Wakikuyu wengine, waliwekewa amri za kutotoka nje usiku, wakalazimika kubeba pasi za kusafiria, na wengi wakahamishwa kwa nguvu kuingia katika vijiji vilivyolindwa.

Katika mazingira hayo, timu za Alliance zilipata kukutana na timu za shule za Wazungu. Fikra inapaswa kusimama kidogo hapa. Mzee aliyetaka kuvuka kutoka Dagoretti kuingia mjini alihitaji kibali. Mwanawe, akiwa amevaa sare ya Alliance, alikaribishwa kwenye nyasi za Prince of Wales, akasalimiana kwa mkono na mtoto wa mlowezi, kisha kwa muda wote wa mchezo akawa na ruhusa ya kisheria ya kumpita, kumnyang'anya mpira na kumfunga. Mwisho wa mchezo matokeo yaliandikwa na hayakufutwa na mtu yeyote. Hapakuwa na mahali pengine katika koloni ambapo Mwafrika na Mzungu walipimwa kwa kipimo kimoja waziwazi, isipokuwa labda katika karatasi za mtihani wa Cambridge, na huko pia Alliance ilikuwa ikifanya vizuri kiasi cha kuwakosesha raha waliotaka kuamini vinginevyo. Francis aliitazama michezo hiyo kama shule ya urafiki kati ya mataifa. Ni vigumu kuamini kwamba vijana wake waliitazama hivyo tu.

Msimamo wake kuhusu Mau Mau ulikuwa wa mmisionari: aliupinga waziwazi, akauona kuwa uovu. Lakini hakunyamazia maovu ya upande wa pili. Mwaka 1955 alichapisha makala katika jarida la African Affairs akieleza matatizo ya Kenya kama yalivyoonekana na mwalimu aishiye miongoni mwa Wakikuyu, na humo aliyalaumu matendo ya kikatili ya vikosi vya serikali dhidi ya watu wasio na hatia. Kwa Mzungu wa wakati ule, tena mwalimu mkuu wa shule iliyotegemea ruzuku ya serikali, hilo halikuwa jambo dogo. Shule yake iliendelea kuwapokea vijana ambao ndugu zao walikuwa msituni. Mmoja wao aliingia mwaka 1955 kutoka Limuru, na aliporudi nyumbani kwa likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Jina lake ni Ngũgĩ wa Thiong'o.

Ngũgĩ amemchora mwalimu wake mara mbili, na michoro hiyo miwili haifanani. Katika riwaya ya Petals of Blood ya mwaka 1977 yumo Cambridge Fraudsham, mwalimu mkuu wa Siriana, ambaye wahakiki wengi wamemwona kuwa kejeli ya Carey Francis: mkongwe wa vita, mshika dini, mwenye kuamini kwamba Mwafrika anahitaji kwanza kufunzwa unyenyekevu. Wanafunzi wanamgomea. Miaka 35 baadaye, katika kumbukumbu za In the House of the Interpreter za mwaka 2012, mtu huyohuyo anarudi akiwa na jina lake halisi, na safari hii ni mgumu kuhukumiwa: mwalimu anayejitoa, mkali, mwadilifu, na bado mtumishi wa dola iliyochoma nyumba za wanafunzi wake. Anayesoma vitabu hivyo kimoja bila kingine atapata nusu ya mtu. Riwaya ilihitaji mfano wa ukoloni, ikaupata. Kumbukumbu zilimhitaji mwanadamu. Kwa kadiri ya matendo ya Francis yanavyojulikana, kumbukumbu ndizo zilizo karibu zaidi na haki, ingawa riwaya ndiyo iliyouliza swali lililo gumu zaidi.

Kwa wasomi wa Kiswahili, Alliance ya Francis ina deni jingine linalosahaulika. Kiingereza ndicho kilichotawala darasani, na kila mwaka tamthilia ya Shakespeare ilipanda jukwaani. Lakini pembeni mwa Shakespeare wanafunzi walitunga na kuigiza michezo yao kwa Kiswahili. Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria, iliyochapishwa mwaka 1957, hutajwa na wanahistoria wa fasihi miongoni mwa tamthilia za mwanzo kabisa kuandikwa kwa Kiswahili, na nyuma yake wakafuata wanafunzi wenzake wa Alliance, akina Kimani Nyoike, Gerishon Ngugi na B. M. Kurutu. Francis hakuwa mlezi wa fasihi ya Kiswahili, na kumvika kilemba hicho kungekuwa kumzidishia. Hata hivyo, shughuli za nje ya darasa alizozithamini ndizo zilizotoa nafasi ambamo tamthilia hiyo ilizaliwa. Inafaa kukumbukwa kwamba Kiswahili chetu hutumia neno moja, mchezo, kwa yote mawili, la uwanjani na la jukwaani. Alliance ya miaka ya 1950 iliyaweka chini ya paa moja, na katika yote mawili vijana walipewa kanuni za kigeni wakazitumia kusema yao.

Mwishoni mwa mwaka 1962 Francis alistaafu ualimu mkuu. Wengi katika nafasi yake wangepanda meli. Yeye alihamia upande wa pili wa Nairobi, akaenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini, kama mwalimu wa kawaida. Mtu aliyekuwa ameamuru kwa miaka 34 akawa anapokea ratiba kutoka kwa mwingine. Katika maisha yake yote hakuna kitendo kinachoyathibitisha mafundisho yake ya uwanjani kuliko hiki, kwa sababu alikuwa amewaambia vijana kwa miongo mitatu kwamba nahodha wa jana anaweza kuwa mchezaji wa akiba leo asipungukiwe heshima.

Wakati huo wanafunzi wake walikuwa wanaishika nchi. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na wengi katika safu ya juu ya serikali mpya walikuwa wamepita Maseno au Alliance: Odinga, Ronald Ngala, Charles Njonjo, Julius Kiano, Jeremiah Nyagah na wengine. Hawakukubaliana. Kufikia Aprili 1966 Odinga alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais na kuunda chama cha upinzani, na wavulana waliofunzwa na mwalimu mmoja kutobishana na refa wakawa wanabishana kuhusu ni nani hasa mwenye kipenga.

Carey Francis alifariki Nairobi tarehe 27 Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68. Siku tatu baadaye Uingereza ilitwaa Kombe la Dunia mjini London. Wiki moja baadaye ilifunguliwa michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaika. Naftali Temu alimwacha Ron Clarke wa Australia katika maili sita, na Kipchoge Keino akashinda maili moja na maili tatu. Temu alikuwa mwanajeshi, na Keino alikuwa polisi. Medali za Kenya zilitoka kambini, wala si katika shule kama Alliance. Shule zile zilitoa watu wa aina nyingine: Kenneth Matiba, mwanafunzi wa Alliance katika miaka ya 1950, hakuwa bingwa wa mbio zozote, lakini miaka ya 1970 ndiye aliyeketi kwenye kiti cha mwenyekiti wa Shirikisho la Kandanda la Kenya, akipanga ligi na kuamua ni nani acheze na nani.